Shamba Kavu Humwagiliwa na Nyumba Nzima

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika pamoja na wageni wafadhili)



Tumeombwa na waandaaji tuzungumze juu ya kilimo cha umwagiliaji katika maeneo makavu ya dayosisi yetu. Ni jambo kubwa, na kila mjumbe hapa ana lake la kusema kuhusu maji. Kwa hiyo sisi wa Ofisi ya Miradi tumeona tusisome taarifa ndefu yenye majedwali. Tumechagua nyumba moja tu ya tambarare ya Same, tukaomba ruhusa yao, na wamekubali tueleze walivyofanya, mazuri na magumu, ila majina yao tusiyataje.

Tunalotaka kusema ni hili: shamba kavu halimwagiliwi na pampu. Linamwagiliwa na watu wa nyumba moja waliokubaliana nani afanye nini, lini, na fedha zitakwenda wapi. Pasipo makubaliano hayo, hata kifaa kizuri namna gani kitaota kutu.

NCHI YETU NA MAJI YAKE

Wengi wetu tunaifahamu nchi hii, lakini wageni wetu wangependa kuelewa. Milima ya Upare hupata mvua zinazoletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi. Mvua hizo huangukia zaidi upande wa mashariki na kileleni. Huku magharibi, chini ya milima, tumebaki kwenye kivuli cha mvua. Tambarare hupata kiasi cha milimita 400 hadi 600 kwa mwaka mzima, nazo zinagawanyika katika vuli na masika. Zao la mahindi linahitaji kama milimita 500 au zaidi kwa msimu mmoja. Hapo mnaona kwamba mkulima wa tambarare anayetegemea mvua peke yake anapanda kwa imani, na mara nyingi anavuna mabua.

Wazee wetu hawakukaa tu wakitazama mawingu. Walichimba ndiva. Kwa wasioifahamu, ndiva ni bwawa dogo linalojazwa usiku kwa mfereji kutoka kwenye kijito cha mlimani, kisha hufunguliwa mchana. Akili yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kijito chembamba ukikielekeza moja kwa moja shambani, udongo wa mfereji huyanywa maji yote kabla hayajafika. Lakini ukiyakusanya usiku kucha na kuyafungulia kwa pamoja, yanapata nguvu ya kusukumana hadi shamba la mbali. Ndiva nyingi zilichimbwa na koo, na kuondoa tope ilikuwa ni kazi ya msaragambo, kila nyumba ikileta mtu na jembe. Maji yaligawanywa kwa zamu.

Utaratibu huo upo hadi leo. Tatizo ni kwamba watu wameongezeka, mashamba yameongezeka, na kijito ni kile kile. Aliye mwisho wa mfereji hupata zamu yake usiku, na akifika huenda akakuta aliye juu yake amelitoboa tuta.

HESABU YA NDOO

Kabla ya kufika kwenye nyumba yetu, tunaomba tufanye hesabu kidogo. Hesabu hii tunaifundisha kwenye semina zote, na tunashauri kila kamati iifanye kabla ya kupitisha mradi wowote wa umwagiliaji.

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bustani ya mboga katika joto letu, wakati wa jua kali na upepo, inahitaji kiasi cha milimita 5 kwa siku. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Zidisha: lita 5,000 kila siku, yaani ndoo 250 za lita 20. Ikiwa maji yapo mita 200 tu kutoka bustanini, kwenda na kurudi ni mita 400, na mara 250 ni kilomita 100. Hiyo ni karibu sawa na kutoka Same hadi Moshi kwa miguu, kila siku, nusu ya safari ukiwa na ndoo kichwani. Na kichwa hicho kwa kawaida si cha baba. Ni cha mama, au cha binti.

Sasa tuchukue bustani ya mita 10 kwa 10. Hiyo ni mita za mraba 100, na maji yake ni lita 500, ndoo 25. Ukiweka matandazo ya nyasi na kumwagilia kwa mipira ya matone, maji yanakwenda kwenye shina na si kwenye magugu. Kazi hiyo nyumba moja inaiweza. Ndiyo maana tunasisitiza kila mara: anzeni na jaruba moja.

NYUMBA MOJA YA TAMBARARE

Nyumba tunayoizungumzia ina baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto wanne. Tulipoanza nao mwaka 2019, mkubwa alikuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi. Anayemfuata ni binti aliyekuwa darasa la sita, na wadogo wawili walikuwa madarasa ya chini. Wana ekari 2, na shamba lao ndilo la mwisho kwenye mfereji. Walikuwa wakilima mahindi na ngwara. Zamu yao ya maji ilikuwa mara moja kila siku 9, na mara nyingi usiku.

Walichokuwa wakifanya ndicho wanachofanya wengi. Baba aliamka usiku wa zamu, akafungulia maji yaingie kwenye mahindi yote. Mistari ya kwanza ililoa hadi kuzama, mistari ya mwisho haikuguswa. Kesho yake mama na binti walichota ndoo kwa ajili ya mchicha karibu na nyumba. Binti alikuwa akifika shule amechelewa, na mwalimu alikwisha kutuma barua mbili.

Tukumbuke pia kwamba kijiji hicho kiliwahi kupata pampu za mafuta kutoka shirika moja lililopita miaka ya nyuma. Zilikabidhiwa kwa wakuu wa kaya kwa sherehe na picha. Waliofundishwa kuziwasha walikuwa wanaume peke yao. Baba akisafiri, pampu haiwaki. Mafuta yakipanda bei, pampu haiwaki. Tulipopita tuliona moja imekuwa kiota cha kuku. Tunalitaja hili kwa sababu tulipofika na habari za umwagiliaji, watu walituuliza kwa upole kama na sisi tumeleta viota.

Kwa hiyo hatukuanza na kifaa. Tulianza na mazungumzo na nyumba nzima, bibi na watoto wakiwemo. Swali lilikuwa moja: maji ya zamu yenu yanakwenda wapi? Jibu lilitoka kwa yule kijana. Alisema zamu moja ina maji mengi kuliko wanavyoyahitaji usiku ule, na machache kuliko wanavyoyahitaji kwa siku 9. Basi tatizo lao la kwanza lilikuwa mahali pa kuyaweka. Kwa maneno mengine, walihitaji ndiva yao ndogo nyumbani.

Wakachimba shimo la mita 5 kwa 4, kina mita 1.5. Likijaa ni lita 30,000. Walichimba wenyewe, na majirani wakaja siku mbili kwa msaragambo. Mradi ulitoa turubai la plastiki la kutandika ndani, na pampu ya kukanyaga kwa miguu kwa nusu ya bei. Nusu nyingine walilipa kwa awamu. Juu ya shimo waliweka fito na nyasi, kwa sababu shimo la wazi la ukubwa huo hupoteza zaidi ya lita 100 kwa siku kwa jua na upepo. Pembeni waliweka uzio wa miiba wenye mlango. Tunawasihi wajumbe, msipitishe shimo la maji lisilo na uzio. Mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili azame.

Pampu ya miguu haitumii mafuta. Huvuta maji kutoka kina kisichozidi kama mita 7 na kuyapandisha kwenye pipa lililowekwa juu ya mawe. Kutoka kwenye pipa maji hushuka yenyewe kwenye mipira ya matone. Walianza na jaruba moja la mita 10 kwa 10, na baada ya msimu wa kwanza wakafikisha matatu.

Kazi waligawana hivi. Kijana alishika zamu ya mfereji: kupanda juu kuangalia matuta, kufungulia, na kuhakikisha maji yanafika shimoni. Baba alikanyaga pampu kabla jua halijachomoza. Mama alisimamia kitalu, kupandikiza, kuamua zao gani lipandwe, na kuuza gulioni. Wadogo waliokota nyasi za matandazo baada ya shule na kufukuza mbuzi, maana mbuzi anapenda mpira wa matone kuliko majani.

Na bibi? Wengine walidhani bibi apumzike. Yeye mwenyewe aliomba kazi. Akawekewa kigoda chini ya mti, na kazi yake ikawa kutazama ncha za mipira. Tundu la mwisho likiacha kudondosha, anaita. Wenye uzoefu wa matone wanajua hiyo ni kazi muhimu, kwa sababu maji yetu yana tope na chumvi, na matundu huziba kimya kimya. Mmea hunyauka kabla hujajua sababu. Bibi aliwafanya wafungue ncha na kusafisha mipira kila Jumamosi, na kufunga kitambaa cha kuchuja kwenye mdomo wa pipa.

PALE MAJI YALIPOKATIKA

Ndugu wapendwa, tungeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kwenye kalenda. Lakini mwaka 2020 kazi hiyo karibu ife.

Walivuna nyanya kwa mara ya kwanza, wakauza vizuri. Mama alikuwa amekwisha kumwambia kijana kwamba fedha hiyo ni ya kumpeleka chuo cha ufundi. Baba alipokea fedha kutoka kwa mnunuzi, na jioni haikuwepo. Alikuwa amelipa deni ambalo watu wa nyumbani hawakulijua. Hakunywa pombe wala hakuhonga. Alilipa deni. Lakini hakusema.

Kijana akaacha kwenda mfereji. Alianza kuaga marafiki kwamba anakwenda Mirerani kutafuta kazi migodini, kama wenzake wengi. Mama akarudi kwenye vibarua vya kupalilia mashamba ya watu, kwa sababu huko analipwa jioni na fedha inaingia mkononi mwake. Zamu moja ikapita bila mtu kufungulia. Ya pili ikapita. Shimo likakauka hadi turubai likaonekana. Nyanya za awamu ya pili zilikuwa zimeanza kutoa maua. Zote zilikufa.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Pampu ilikuwa nzima. Mipira ilikuwa mizima. Kijito kilikuwa na maji. Taarifa ya mradi ingeandika kwamba vifaa vyote vinafanya kazi, na ingekuwa kweli. Kilichokatika ni imani kati ya watu watatu.

Kamati ya usharika ilijadili kuwanyang'anya vifaa na kuwapa wengine. Kwa busara, mwinjilisti wa mtaa aliomba wiki mbili. Alikwenda pale nyumbani na mzee mmoja wa kanisa, wakakaa. Bibi ndiye aliyefungua kikao. Hakuuliza fedha imekwenda wapi. Alimtaka kila mmoja ataje kazi alizofanya siku ya zamu, tangu alipoamka hadi alipolala. Baba alitaja zake, kijana zake. Mama alipotaja zake zilikuwa ndefu kuliko za wote wawili. Binti, ambaye hakutarajiwa kusema, alisema kwamba yeye huteka ndoo tatu kabla ya shule kwa ajili ya kitalu. Baba yake alikuwa hajui.

Baada ya hapo baba alieleza deni lake mwenyewe, bila kulazimishwa. Lilikuwa la siku za ugonjwa wa mzazi wake, naye aliona aibu kulisema. Kikao kiliamua mambo matano, nasi tunayasoma kama walivyoyaandika:

1. Fedha ya mazao ihesabiwe mezani, wote wakiwepo.
2. Kwanza itolewe sadaka, mbegu na vipuri vya pampu; pili ada za shule na chuo; tatu deni, hadi liishe; nne matumizi ya nyumbani. Kinachobaki wagawane waliofanya kazi, mama na kijana wakiwemo.
3. Binti aandike daftari.
4. Mtoto asichote maji kabla ya kwenda shule.
5. Jaruba moja kati ya matatu liwe la kijana, alime na kuuza mwenyewe, bali amwagilie yote.

Hilo la tano ndilo lililomzuia asiende Mirerani. Kijana wa miaka 19 asiye na hata mita moja ya kuiita yake, kwa nini akeshe akilinda mfereji wa baba yake? Alipopata mita 10 kwa 10, alianza kukesha kwa hiari. Mwaka uliofuata alikwenda chuo cha ufundi, na zamu za mfereji akazichukua baba, huku jaruba la kijana likiendelea kulimwa kwa ajili yake. Nalo deni liliisha baada ya mavuno matatu.

MWAKA WA MVUA HABA

Jaribio lenyewe lilikuja vuli ya mwaka 2021. Mnakumbuka jinsi mvua zilivyochelewa na kupungua kaskazini mwa nchi, na jinsi ndugu zetu wafugaji walivyopoteza ng'ombe. Kijito kilipungua. Ndiva haikujaa. Zamu ya siku 9 ikawa ya siku nyingi zaidi, na maji yaliyofika mwisho wa mfereji yakawa machache. Mahindi ya nyumba ile, kama ya majirani, hayakutoa kitu.

Hapo daftari la binti likaonekana thamani yake. Lilikuwa na idadi ya mapipa yaliyotumika kila siku. Walipima maji yaliyobaki shimoni kwa fito, wakagawanya, wakaona kwamba majaruba matatu yatakufa yote kabla ya zamu nyingine, lakini moja litaishi. Waliacha mawili. Nyanya zilizokuwa na matunda mabichi waliziacha zikauke, na maji yote wakayapeleka kwenye mchicha na sukuma wiki, kwa sababu mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Uamuzi huo uliwauma. Jaruba mojawapo lililoachwa lilikuwa la kijana, naye alikuwa chuoni. Walimpigia simu kwanza, akakubali.

Jaruba lile moja liliwapa mboga ya kila siku na fedha kidogo ya unga. Hawakutajirika. Lakini hawakuuza shamba, binti hakuacha shule, na baba hakuondoka kwenda kutafuta vibarua mbali. Katika mwaka kama ule, hayo ni mavuno.

Matatizo hayakuisha. Vuli ya mwaka 2023, mvua za El Niño zilibomoa ukingo mmoja wa shimo, wakaurudishia kwa msaragambo na kuujengea mawe. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini miaka ya 2010, alishambulia mara mbili, na sasa wanapokezana nyanya na vitunguu. Kwenye mahindi wamechimba matuta ya fanya juu ili maji ya korongo wakati wa mvua yasipite tu na udongo wao.

KWA KAMATI ZETU

Ndugu wajumbe, mtarudi kwenye sharika zenu na mtaletewa maombi mengi ya pampu, matangi na mipira. Tunaomba kabla ya kupitisha ombi lolote, mwende nyumbani kwa mwombaji, mkae na nyumba nzima, na muulize maswali haya.

Kwanza: nani atachota au kupampu, na saa ngapi? Jibu likiwa "sisi sote", bado hamjajibiwa. Aitwe kila mmoja aseme mwenyewe.

Pili: nani atapokea fedha ya mazao, na nani atajua ni kiasi gani? Msione aibu kuuliza. Aibu hiyo ndiyo iliyoua nyanya za ndugu zetu.

Tatu: mtoto gani ataathirika na ratiba ya maji? Mradi unaomwagilia bustani na kukausha darasa si maendeleo.

Nne: baba akifariki leo, shimo na bustani vitakuwa vya nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Lakini sheria iliyoko kwenye kitabu haimsaidii mjane ambaye jina lake haliko kwenye karatasi. Nyumba hii tuliyoieleza wameandika makubaliano ya shimo kwa majina ya mume na mke, mbele ya mashahidi wa kijiji. Tungependa kila mradi ufanye hivyo.

Tano: walio chini yenu kwenye mfereji watapata nini? Maji yetu ni sehemu ya Bonde la Pangani, na matumizi ya mto au chemchemi kwa umwagiliaji yanahitaji kibali cha ofisi ya bonde. Hata mahali ambapo zamu za asili zinafuatwa, shimo jipya moja ni neema, lakini mashimo 40 kwenye mfereji mmoja bila mpango ni ugomvi. Kaeni na viongozi wa ndiva kwanza.

Tunakumbuka habari za Isaka katika Mwanzo sura ya 26. Alivifukua visima vya baba yake, wachungaji wa Gerari wakagombea kisima cha kwanza, wakagombea na cha pili, na ni cha tatu tu kilichopata nafasi bila ugomvi. Maji na magomvi vimekaa pamoja tangu zamani. Ndiyo maana kazi ya kanisa katika maji haiishii kwenye saruji na mabomba. Mwinjilisti yule aliyeomba wiki mbili alifanya kazi ya umwagiliaji kama fundi wa pampu alivyofanya.

KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa dhati. Mmekuwa nasi katika miaka ya neema na ya njaa. Tunalo ombi moja, na tunaomba mlipokee kwa upendo.

Vifaa ni rahisi kufadhili. Vina risiti, vina picha, vinahesabika. Lakini katika nyumba hii turubai na pampu vilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ilikuwa ni safari za pikipiki za bwana shamba na mwinjilisti kwa miaka miwili, vikao vya jioni, semina ya kutengeneza pampu ambayo mama na binti walihudhuria pamoja na baba, na akiba ya mipira ya pistoni ili pampu isisimame kwa kukosa kipande kidogo. Mambo hayo kwenye bajeti huitwa gharama za uendeshaji, na ndiyo ya kwanza kukatwa. Tunawaomba msiyakate. Mkitupa fedha ya nyumba 100 kwa mwaka mmoja, tutawaletea picha 100. Mkitupa fedha ya nyumba 30 kwa miaka mitatu, tunaamini tutawaletea bustani.

Vilevile msishangae mkiona tunaanza na jaruba la mita 10 kwa 10. Ni dogo, ni kweli. Lakini ndilo linalolingana na maji yaliyopo, na nguvu za miguu iliyopo, na saa zinazobaki baada ya shule. Nyumba ikiliweza hilo, itaongeza yenyewe.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Leo asubuhi, tunapozungumza hapa, baba amekwisha kukanyaga pampu yake, mama yupo kitaluni, na bibi, ingawa macho yamepungua nguvu, bado anakalia kigoda chake na kusikiliza matone. Binti yupo sekondari, na daftari amemrithisha mdogo wake. Wamesema mjumbe yeyote anayetaka kuwatembelea anakaribishwa, ila asije siku ya zamu, kwa sababu siku hiyo hawana muda wa kupika chai.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, azibariki sharika zetu, na atupe mvua kwa wakati wake.